ARV na vidonge vya damu: kwa nini muda wa kumeza una maana

Mama mjamzito anayeishi na VVU hutoka kliniki akiwa na dawa za aina mbili kwenye mfuko mmoja. Kuna ARV, kidonge kimoja kwa siku. Kuna pia vidonge vya madini chuma na foliki asidi, vile ambavyo wengi wetu tunaviita vidonge vya damu. Muuguzi humwambia, "Usivimeze vyote pamoja kama hujala." Foleni nje ni ndefu, na maelezo huishia hapo.

Agizo lisilo na sababu husahaulika upesi. Wapo akina mama wanaoacha kabisa vidonge vya damu kwa hofu ya kuchanganya dawa. Wapo wanaomeza vyote kwa mkupuo mmoja alfajiri kabla ya chai, ili watu wa nyumbani wasiwaone. Kila mmoja hupoteza kitu. Wa kwanza anabaki na hatari ya upungufu wa damu, na wa pili anapata ARV pungufu mwilini wakati ambapo mtoto aliye tumboni anaitegemea.

Makala hii inaeleza sababu ya agizo lile. Inaanzia ndani ya kirusi chenyewe, kwenye kitu kidogo sana kinachoitwa kimeng'enya. Ukishajua dawa yako ilitengenezwa ili ishike nini, utaelewa kwa nini muda wa kumeza una maana, kwa nini dozi isirukwe, na kwa nini kidonge cha mtu mzima kisikatwe kwa ajili ya mtoto.

Kimeng'enya ni nini?

Vimeng'enya unavyo mwilini, na jikoni kwako pia vipo. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa bila kukimeza. Baada ya muda utaanza kusikia utamu. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga na kuugeuza sukari. Mfano mwingine ni nyama ngumu. Wapishi wengi huipaka papai bichi ili ilainike haraka. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini, na kazi yake ni kukata protini. Nyama ni protini, kwa hiyo papaini huikatakata na ikalainika.

Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi maalumu kwa haraka, na huifanya tena na tena bila yenyewe kuisha. Unaweza kukifikiria kama uzi mrefu wa shanga uliokunjwa ukapata umbo lake. Katika mikunjo hiyo kuna kijishimo, na kazi yote hufanyika humo. Kinachoingia kwenye kijishimo hicho lazima kilingane nacho, kama ufunguo na kufuli. Ndiyo maana kimeng'enya cha mate hakilainishi nyama, na papaini haigeuzi muhogo kuwa sukari.

Hapa ndipo watengenezaji wa dawa wanapopata nafasi. Ukilijua umbo la kijishimo, unaweza kutengeneza kitu kinachoingia humo na kukaa, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli. Ufunguo halisi hauwezi tena kuingia, na kazi inasimama.

VVU ina vimeng'enya vitatu

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie kwenye seli ya kinga ya mwili, hasa zile tunazoziita CD4, na kuigeuza kuwa kiwanda chake. Kwa kazi hiyo kinabeba vimeng'enya vitatu.

• Mnakili. Kwa jina la kitaalamu ni rivesi transkriptezi. Maelekezo ya kirusi yameandikwa kwa mtindo wa RNA, na ya seli ya binadamu kwa mtindo wa DNA. Mnakili huyanakili maelekezo ya kirusi yawe DNA.

• Mpandikizaji. Huyu ni integrezi. Huichukua ile DNA ya kirusi na kuipandikiza katikati ya DNA ya seli yako. Tangu hapo seli huyasoma maelekezo ya kirusi kana kwamba ni yake. Hii ndiyo sababu mojawapo kubwa ya VVU kubaki mwilini hata dawa zikifanya kazi vizuri.

• Mkataji. Huyu ni protiezi. Seli iliyotekwa hutengeneza protini za kirusi zikiwa mnyororo mrefu. Mkataji huukata mnyororo huo katika vipande vinavyotakiwa ili virusi vipya vikomae. Ni mkataji wa protini kama papaini ya papai, ila umbo lake ni tofauti.

Ukizuia kimeng'enya kimojawapo, uzalishaji wa virusi vipya unakwama. Ukizuia viwili kwa wakati mmoja, kirusi kinapata shida zaidi kutafuta njia ya kukwepa. Kidonge cha TLD, ambacho watu wazima wengi wanakitumia sasa, kina dawa tatu ndani yake. T ni tenofovir na L ni lamivudine, na zote mbili humzuia mnakili. D ni dolutegravir, ambayo humzuia mpandikizaji. Hivyo kidonge kimoja kinagusa vimeng'enya viwili kila siku.

Wanasayansi waliyaonaje maumbo haya?

Kimeng'enya ni kidogo mno, hakionekani hata kwa hadubini ya maabara zetu. Wanasayansi hukisafisha, kisha hukigandisha kiwe fuwele, kitu kama punje ya chumvi ambayo ndani yake vimeng'enya vimejipanga kwa safu. Halafu huipitishia miale ya eksirei. Miale hutawanyika kwa mpangilio fulani, na kutokana na mpangilio huo huhesabu mahali ilipo kila atomu.

Mwaka 1989 umbo la mkataji wa VVU lilichapishwa kwa mara ya kwanza. Lilionekana kuwa na nusu mbili zinazofanana kabisa, kila nusu ikiwa na shanga 99. Katikati, nusu hizo zinapokutana, kuna njia nyembamba ambamo mnyororo wa protini hupita na kukatwa. Wanakemia wakatengeneza vitu vinavyofanana na kipande cha mnyororo huo, lakini mahali pa kukatia wakapaweka kiungo kisichokatika. Mkataji akikishika anabaki nacho, kama mkasi uliobana msumari.

Dawa ya kwanza ya aina hiyo, saquinavir, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 1995. Ritonavir na indinavir zikafuata mwaka 1996. Zilipotumiwa pamoja na dawa za kumzuia mnakili, watu waliokuwa wamedhoofika sana walianza kupata nafuu. Walezi waliowahi kumpa mtoto dawa ya maji ya lopinavir, ile chungu ambayo watoto huitema, walikuwa wanatumia dawa ya ukoo huo huo.

Dolutegravir inamshikaje mpandikizaji?

Sasa tuje kwenye herufi D ya TLD, maana hapa ndipo vidonge vya damu vinapoingia.

Kijishimo cha mpandikizaji kina jambo la pekee. Ndani yake kuna chembe mbili za madini ya magnesiamu zinazokaa karibu karibu. Bila chembe hizo hawezi kuishika DNA ya kirusi na kuipandikiza. Ni kama jembe, mpini bila bamba la chuma hautalima.

Wanakemia waliifanya chembe hizo mbili kuwa shabaha. Walitafuta vitu vyenye atomu za oksijeni zilizopangwa kwa namna ya kuyashika madini hayo. Raltegravir, dawa ya kwanza ya kumzuia mpandikizaji, iliidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2007. Mwaka 2010, watafiti wa Imperial College London walichapisha picha ya mpandikizaji akiwa kazini, ameshika DNA na dawa ikiwa ndani ya kijishimo. Walitumia mpandikizaji wa kirusi kingine cha ukoo wa VVU, kwa sababu yule wa VVU alikuwa mgumu kugandishwa. Picha ilionyesha dawa ikiwa imeyashika madini yote mawili na kuisukuma kando ncha ya DNA ya kirusi.

Dolutegravir imejengwa kwa kanuni hiyo hiyo, na iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2013. Ifikirie kama mkono wenye vidole vitatu vya oksijeni vinavyoshika vijiwe viwili vya magnesiamu. Ushikaji wake ni wa kudumu. Katika vipimo vya maabara, nusu ya raltegravir ilikuwa imekwisha kumwachia mpandikizaji baada ya masaa 9 hivi, lakini kwa dolutegravir ilichukua masaa 71. Ushikaji huo unasaidia kueleza kwa nini kirusi hupata shida kuizoea dawa hii.

Kisha kuna faida nyingine. Mwili wa binadamu hauna integrezi ya VVU. Dawa iliyokatwa kwa kipimo cha kimeng'enya cha kirusi ina nafasi ndogo ya kuvuruga vimeng'enya vyako mwenyewe. Haina maana kwamba haina maudhi kabisa. Baadhi ya watu hukosa usingizi, na wengine huongezeka uzito. Ukipata hali kama hizo, usiache dawa. Mweleze mhudumu wako. Anayekosa usingizi mara nyingi hushauriwa kuhamishia dozi yake asubuhi.

Kwa nini vidonge vya damu vinaingilia?

Dolutegravir imetengenezwa ili ishike madini. Haijui kama madini hayo yapo ndani ya mpandikizaji au ndani ya utumbo wako. Ikikutana na chuma, kalisi, magnesiamu, aluminiamu au zinki utumboni, inashikana nayo hapo hapo. Dawa iliyokwisha kushikana na madini haipiti vizuri ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Sehemu kubwa hutoka na choo.

Kiasi kinachopotea kimepimwa. Mtu akimeza dolutegravir pamoja na kidonge cha madini chuma akiwa hajala, dawa inayoingia kwenye damu hupungua kwa zaidi ya nusu. Kwa kalisi hupungua kwa karibu asilimia 40. Kwa dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu ikimezwa wakati huo huo, hupungua kwa karibu robo tatu. Siku moja haiwezi kuharibu kila kitu, lakini mjamzito humeza vidonge vya damu kila siku kwa miezi. Nusu dozi kila siku kwa miezi ni jambo kubwa.

Vipimo hivyo hivyo vilionyesha habari njema. Madini chuma au kalisi vikimezwa pamoja na dolutegravir wakati wa mlo, tatizo karibu linatoweka, kwa sababu chakula huongeza kiasi cha dawa kinachofyonzwa. Kwa hiyo huna haja ya kuchagua kati ya ARV na vidonge vya damu. Unahitaji kuvipanga tu.

Namna ya kupanga muda

Chagua njia moja inayoendana na siku yako, kisha ishike hiyo hiyo.

Njia ya kwanza: meza vyote pamoja na mlo. Kama unapata chakula cha uhakika usiku, meza TLD na kidonge cha damu wakati wa chakula hicho. Kikombe cha chai kitupu hakihesabiki kuwa mlo. Chai pia hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma, kwa hiyo vidonge vya damu shushia kwa maji.

Njia ya pili: tenganisha. Ukianza na ARV, subiri angalau masaa 2 kabla ya kumeza kidonge cha damu. Ukianza na kidonge cha damu, subiri angalau masaa 6 kabla ya kumeza ARV. Muda huu wa pili ni mrefu kwa sababu madini yakitangulia hukaa utumboni yakiisubiri dawa, lakini dawa ikitangulia, ndani ya masaa 2 sehemu yake kubwa huwa imekwisha kuingia kwenye damu.

Mifano miwili:

• Unameza TLD saa 2 usiku. Kidonge cha damu meza saa 6 mchana. Kati yake kuna masaa 8, ni sawa.
• Unameza TLD saa 1 asubuhi kabla ya kwenda shamba au sokoni. Kidonge cha damu meza mchana baada ya chakula. Ni sawa.

Kanuni hii inahusu pia:

• Vidonge vya kalisi vinavyotolewa kwa baadhi ya wajawazito, na vidonge vya vitamini mchanganyiko vyenye madini. Hivi navyo vinaweza kumezwa na ARV wakati wa mlo, au vikatenganishwa.
• Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, za kutafuna au za maji. Kwa hizi mlo hausaidii. Zitenganishe kila mara: ARV masaa 2 kabla yake, au masaa 6 baada yake. Wajawazito wengi hupata kiungulia na kujinunulia dawa dukani, kwa hiyo mwambie muuza dawa kwamba unatumia dawa isiyotakiwa kukutana na madini. Si lazima umtajie ni dawa gani.
• Vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayeharisha. Kama mtoto anatumia dolutegravir, tenganisha kwa masaa hayo hayo.

Na ule udongo wa kula, pemba au kwa jina lolote mnaloliita kwenu? Udongo nao una madini, ikiwemo aluminiamu. Unaweza pia kuwa na mayai ya minyoo. Ukiona hamu ya udongo imekushika, mweleze muuguzi, kwa sababu mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu unaohitaji kupimwa.

Kwa nini dozi isirukwe

Kirusi kinapojinakili hukosea kosea. Mnakili wake hana uangalifu, na kila kosa linaweza kubadilisha kidogo umbo la kimeng'enya fulani. Mengi ya makosa hayo hukidhoofisha kirusi chenyewe. Lakini mara moja moja hutokea umbo ambalo dawa hailingani nalo tena, huku kimeng'enya kikiendelea na kazi yake. Kufuli limebadilishwa, na kijiti hakiingii.

Dawa ikiwa ya kutosha kwenye damu kila siku, virusi karibu haviongezeki, na nafasi ya kukosea ni ndogo. Dawa ikiwa kidogo kidogo, leo ipo na kesho haipo, virusi huongezeka mbele ya dawa dhaifu, na vile vilivyobadilika ndivyo vinavyobaki na kuzaana. Huo ndio usugu wa dawa.

Jambo hili tuliliona hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kampala, Uganda. Mama alipewa dozi moja ya nevirapine wakati wa uchungu na mtoto dozi moja baada ya kuzaliwa. Ukilinganisha na dawa ya AZT iliyotolewa kwa muda mfupi, maambukizi kwa watoto yalipungua karibu nusu. Ilikuwa hatua kubwa wakati ambapo akina mama wengi hawakuwa na chochote. Nevirapine huingia kwenye mfuko mdogo ulio kando ya mahali anapofanyia kazi mnakili na kumkaza asifanye kazi. Umbo la mnakili akiwa na dawa hiyo lilichapishwa mwaka 1992. Lakini badiliko moja tu kwenye mfuko huo linatosha kuitoa nevirapine nje, na baadhi ya akina mama waliopewa dozi ile moja walikutwa baadaye na virusi sugu. Leo mama mjamzito anapewa dawa tatu kwa pamoja, kila siku, kwa maisha yake yote. Dawa ya maji ya nevirapine bado hupewa watoto wachanga wa mama wenye VVU kama kinga, kwa muda uliopangwa na kliniki. Usiikatishe kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Dolutegravir ni ngumu zaidi kwa kirusi kuikwepa, lakini usugu dhidi yake upo. Ukisahau dozi, imeze mara unapokumbuka. Kama yamebaki chini ya masaa 4 kufikia dozi inayofuata, subiri hiyo inayofuata. Usimeze mbili kwa mpigo ili kufidia.

Pia usigawane dawa na mtu, hata mwenza wako. Dozi zenu zitaisha kabla ya tarehe ya kliniki, na nyote wawili mtabaki na siku za dawa pungufu.

Kwa mlezi wa mtoto anayetumia dolutegravir

Watoto kuanzia umri wa wiki 4 na uzito wa kilo 3 wanaweza kutumia dolutegravir ya watoto, yaani vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji. Utafiti uliofanyika Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini, Thailand na Ulaya, ambao matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto waliotumia dolutegravir walidhibiti virusi vizuri zaidi kuliko waliotumia dawa za kawaida za wakati huo.

Zingatia haya:

• Dozi hufuata uzito. Mpeleke mtoto kupimwa kila tarehe ya kliniki. Mtoto aliyeongezeka kilo akabaki na dozi ya zamani anapata dawa pungufu.
• Yeyusha kidonge kwenye maji safi kwa kiasi ulichoelekezwa, mpe ndani ya dakika 30, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo umpe na hayo. Dawa iliyobaki kwenye kikombe ni sehemu ya dozi.
• Usikate kidonge cha mtu mzima kumpa mtoto mdogo. Vidonge hivi viwili haviingii kwenye damu kwa kiasi sawa. Miligramu 30 za kidonge cha kuyeyuka zinakaribia miligramu 50 za kidonge cha kumeza. Ukikadiria kwa macho utakosea. Mtoto akifikisha kilo 20, kliniki inaweza kumhamishia kwenye kidonge cha miligramu 50.

Ukiwa na TB, sema mapema

Rifampicin, mojawapo ya dawa kuu za TB, huamsha vimeng'enya vya ini lako mwenyewe vinavyoondoa dolutegravir mwilini. Dawa huondolewa haraka kuliko kawaida. Ndiyo sababu anayetibiwa TB huongezewa dozi ya dolutegravir, akameza mara 2 kwa siku badala ya mara 1, na huendelea hivyo kwa wiki 2 baada ya kumaliza dawa za TB. Ukiandikishwa dawa za TB katika kituo kingine, waambie unatumia ARV gani, na uwaambie wa CTC kwamba umeanza dawa za TB. Fanya hivyo pia kwa dawa za mitishamba unazotumia. Hatuulizi ili tukugombeze.

"Nilisikia dolutegravir inaharibu mtoto tumboni"

Habari hiyo ilianza mwaka 2018. Utafiti unaofuatilia wajawazito nchini Botswana uliona watoto wachache wenye kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa mama waliokuwa wakitumia dolutegravir walipopata mimba. Tahadhari ikatolewa na ufuatiliaji ukaendelea. Idadi ya akina mama waliofuatiliwa ilipoongezeka, tofauti ile ilipungua, na baadaye ikaonekana haipo kati yao na waliotumia dawa nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir kuwa chaguo la kwanza kwa watu wote, wakiwemo wanawake wanaotarajia kupata mimba. Foliki asidi iliyo kwenye vidonge vyako vya damu nayo husaidia kuzuia kasoro za aina hiyo, hasa ikianza kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoviacha.

Mambo ya kukumbuka

• Dolutegravir hufanya kazi kwa kushika madini yaliyo ndani ya kimeng'enya cha kirusi. Madini ya kwenye vidonge yanaweza kuishika kabla haijafika huko.
• Vidonge vya damu na ARV vyote ni vya lazima kwa mjamzito. Vimeze pamoja na mlo, au tenganisha: ARV masaa 2 kabla, au masaa 6 baada.
• Dawa ya kiungulia itenganishe kila mara, hata kama umekula.
• Dozi kamili kila siku haikipi kirusi nafasi ya kubadilisha umbo la vimeng'enya vyake.
• Kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu ndicho kinachoonyesha kama mpango wako unafanya kazi. Mjamzito na anayenyonyesha apime kwa tarehe alizopangiwa, asisubiri kuumwa.

Ukija kliniki safari ijayo, njoo na dawa zote unazotumia, pamoja na zile ulizonunua dukani. Ziweke mezani, tupange saa zake pamoja kulingana na siku yako ilivyo na chakula kinavyopatikana nyumbani. Kama hujamweleza mtu yeyote hali yako na unameza dawa kwa kujificha, tuambie hilo pia, tutafute saa ambayo itakufaa.

Maelezo haya ni ya elimu ya jumla. Dozi yako na ya mtoto wako hupangwa na mhudumu anayewahudumia. Usibadilishe wala kuacha dawa kabla ya kuzungumza naye.